Mayai ya Siku ya Mungu

Nilipoolewa katika kijiji cha mume wangu, kando ya njia iendayo Kabambare kutoka Kasongo, kanisa letu lilikuwa limeezekwa kwa nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Mvua ikinyesha wakati wa ibada tulihamahama kutoka benchi moja hadi lingine huku tukiimba. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Wanaume walilima pamba kwa lazima, wakaiuza kwa bei ambayo hawakuipanga wao, na karibu yote waliyopata yaliishia kwenye kodi. Wamisionari nao walikuwa wametuambia kwamba makanisa ya vijijini yajitegemee. Basi kikapu cha sadaka kilipita kati yetu kikarudi kwa mwalimu wa kanisa na vipande vya mihogo mikavu, karanga kidogo, na sarafu za falanga za kuhesabu kwa jicho.

Aliyepata njia ya kuezeka upya ni mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, nami nilimwogopa. Nilikuwa bibi arusi bado. Nilipompelekea chakula niliweka sahani chini, nikapiga goti, nikaondoka bila kumtazama usoni. Sikujua kama ananipenda au ananivumilia tu.

Jumapili moja, baada ya ibada, alisimama mahali pake akasema, "Pesa hatuna. Lakini kuku tuko nao. Yai ambalo kuku anataga siku ya Mungu, liwe la Mungu. Yale ya siku zingine, kila mutu na yake."

Watu wakacheka, kisha wakakubali, maana hakuna aliyeona kosa ndani yake.

Mwalimu wa kanisa alifurahi, lakini alikataa kuzishika pesa peke yake. "Mutu mumoja na pesa ya watu wote," alisema, "ni mbuzi aliyefungiwa ndani ya shamba la mihogo. Hata kama ni mbuzi mwema." Akaagiza sanduku litiwe kufuli mbili. Ufunguo mmoja ukakaa kwake, wa pili kwa mama mkwe wangu, na sanduku halikufunguliwa ila mbele ya watu wote, mchana, mlango wa kanisa ukiwa wazi. Tangu hapo hata waliokuwa wakinung'unika walianza kutoa.

Kila jioni ya siku ya Mungu watoto walileta mayai. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mkali, hakuleta kitu kwa wiki nyingi. Alisema kuku wake hawatagi siku hiyo. Watu walisema kuku wale wanashika siku ya mapumziko kuliko sisi sote.

Kazi ya kuyapeleka mayai Kasongo ilimwangukia mama mkwe, naye akanichagua mimi nimsindikize. Tuliyapanga ndani ya kitunga, katikati ya makapi ya mpunga, tukaondoka alfajiri na kulala njiani. Nilitembea nyuma yake. Mwanzoni hatukusema chochote isipokuwa, "Angalia jiwe," au, "Hapa pana utelezi."

Mjini alikuwepo mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza mikate kwenye baraza ya nyumba yake, karibu na soko. Wanunuzi wengine walitupa bei ya kutudhihaki, wakijua kwamba hatuwezi kurudi na mayai kijijini. Yeye aliyatia kwenye beseni la maji moja moja, akayatenga yaliyoelea, akalipa yaliyobaki kwa bei ya haki. Kisha akauliza, "Mbona munatembea mbali hivi kwa ajili ya mayai?"

"Ni ya kanisa," mama mkwe akajibu. "Tunatafuta manjanja." Hivyo ndivyo tulivyoyaita mabati.

"Haya. Mulete kwangu kila mara. Mimi natumia mayai mengi."

Wakawa marafiki, kwa namna ya wanawake wazima wasio na haraka. Wote wawili walikuwa wajane. Walikaa barazani wakichambua mchele na kusema habari za magoti na za wana wao, nami nikikaa kando nikisikiliza. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mama mkwe wangu akicheka.

Safari moja, mwezi wa Ramazani ulipokuwa unakaribia mwisho, tulinyeshewa tangu asubuhi. Tulipofika kwa yule mama, mama mkwe alikuwa akitetemeka. Haikuwa homa ndogo; hakuweza kusimama. Mwenye nyumba hakuuliza maneno mengi. Alitandika mkeka ndani ya chumba chake mwenyewe, akatwaa kitunga chetu mikononi mwangu, akaniambia, "Weye shugulika na mama yako. Mayai ni kazi yangu."

Tulikaa pale siku nyingi. Ilinibidi nimwogeshe mama mkwe, nimbadilishe nguo, nimlishe uji kwa kijiko, mimi ambaye sikuwahi hata kumtazama usoni. Mara ya kwanza nilipomvua nguo iliyolowa jasho mikono yangu ilikataa. Aliona. Akasema kwa sauti ndogo, "Usiogope. Mimi pia niliolewa nikiwa mutoto. Mama ya mume wangu alikufa mikononi mwangu, na hakuna aliyenifundisha namna ya kumushika." Nikamwosha. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

Upande wa pili wa ukuta tulimsikia mwenye nyumba akifanya kazi. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, hajaonja hata maji, na bado alisimama mbele ya moto akioka mikate ya mayai ya sikukuu, kisha akaja kumnywesha mgonjwa maji na kumpangusa uso ili mimi nipate kulala.

Sikukuu ilipopita na mama mkwe kuweza kutembea, yule mama alileta kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pesa zaidi ya tulizozoea kupata.

"Hii imezidi," mama mkwe akasema.

"Haikuzidi. Sikuyauza mabichi. Niliyatia ndani ya mikate, na nimetoa unga wangu na sukari yangu. Hiyo iliyobaki ni ya mayai yenu."

"Na mikono yako?"

"Mikono yangu sikukuuzia."

Kijijini sanduku lilifunguliwa mbele ya watu, na mwalimu akaeleza pesa zilivyopatikana. Ndipo yule mzee mkali aliposimama.

"Mikate ile ilipikwa kwa ajili ya sikukuu ya Waislamu," alisema. "Sasa faida yake itaezeka nyumba ya Bwana? Mimi naona irudishwe."

Mwalimu alimtazama mama mkwe, lakini yeye bado alikuwa dhaifu, akashindwa kuinuka. Mama mkwe akageuka akanitazama mimi. Sikuwahi kusema neno mbele ya kanisa. Nilisimama, nikashika benchi la mbele yangu.

"Baba," nilimwambia mzee, "mimi sijui maneno ya kanisa. Niache niseme nilichoona." Nikaeleza: mkeka, mvua, uji, moto, na mwanamke aliyekuwa na kiu akimnywesha mwenzake maji. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, na mwisho nikakaa chini.

Mzee akauliza, si kwa ukali tena, "Huyo mama iko na watoto wa kumulimia?"

"Hapana," mama mkwe akajibu kutoka mahali pake. "Wote wako mbali."

"Basi mpunga ukiiva, tumupelekee. Kutoka shamba la kanisa, lile tunalomulimia mwalimu." Akakaa. Wiki iliyofuata mjukuu wake alileta mayai manne kwenye kofia.

Mpunga ulipoiva tuliupeleka kweli, mzee mwenyewe akibeba gunia moja kwa baiskeli ya mwanawe. Yule mama alishika punje kiganjani akazitazama. Aliingia ndani, akatoka akiwa amejipangusa macho.

Pesa zetu zilitosha manjanja ya nusu ya paa. Mkutano ukaamua kwamba chini yake wakae wazee na akina mama wenye watoto wachanga au mimba. Wengine tukabaki chini ya nyasi. Lakini kabla ya mvua kubwa mimi nilipata mimba, na mama mkwe alipoona nimeendelea kukaa upande wa nyasi, aliinuka katikati ya wimbo, akanishika mkono, akaniongoza hadi kwenye kiti chake, na yeye akarudi kukaa kwangu. Nilitaka kukataa. "Kaa," alisema. "Nyasi imenizoea."

Nusu ya pili tuliiezeka baada ya misimu miwili, kwa mayai na kwa mawese ambayo wanaume walianza kuyakamua kwa zamu. Mama mkwe aliishi akaiona. Miguu ilipomkataa nilishika mimi kitunga na ufunguo wake, nikawa naenda Kasongo na binti yangu mgongoni. Yule mama wa mikate alimpokea mtoto kabla ya kupokea mayai, akamlaza kwenye mkeka ndani ya chumba chake, kisha ndipo akaanza kuniuliza habari za nyumbani.