Mkataba Usio na Kifungu cha Msiba

Wanafunzi walimwita Mama Kifungu, na usidhani alichukia. Alifundisha sheria ya mikataba chuo kikuu, na kwa miaka kumi na minne aliifundisha kama wenzake wote: anafungua daftari la manjano alilorithi kwa mwalimu wake, anasoma, wanafunzi tisini wanaandika, mtihani ukipita wanasahau. Jamani, hata kasuku ana nafuu.

Mwaka wa kumi na tano akachoka. Akalifungia daftari kabatini, akaingia darasani na tiketi ya dobi. Nyuma yake iliandikwa: "Hatuhusiki na nguo itakayopotea."

"Shati langu halionekani," akasema. "Nani atanitetea?"

Wee! Darasa zima lilisimama. Tangu siku hiyo wakawa wanaandikiana mikataba ya kweli, ya kubadilishana viti vya dirishani, ya kuazimana vitabu, kisha wanaivunja na kushtakiana mbele ya wenzao. Hata mumewe, fundi wa majokofu, hakusalimika. Jokofu lao wenyewe lilinguruma miaka mitatu, na kila wiki fundi husema, "Nitalitengeneza Jumamosi, mke wangu." Kinyozi hajinyoi. Mama Kifungu akaipeleka ahadi ile darasani: inamfunga au haimfungi? Wakapiga kura, haimfungi. Fundi alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, akalipiga jokofu kofi la ubavuni, likanyamaza. Dawa yake ilikuwa hiyo tu, kofi la ubavuni.

Lakini mkuu wa kitivo hakupenda kelele. Akasema muhula huu ni wa majaribio: kipindi kimoja tu kikipotea, daftari la manjano linarudi. Mama Kifungu, kwa ujeuri wake, akaligeuza sharti lile kuwa mkataba. Yeye hatakosa kipindi, wanafunzi hawatachelewa, mkuu hataingilia. Wakasaini wote, karatasi ikabandikwa mlangoni.

Wiki ya saba fundi akaanguka karakanani kwake, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Wakamzika Jumapili. Jumatano asubuhi mjane akavaa viatu vya kazi.

"Wifi, unakwenda wapi?" akauliza dada wa marehemu, aliyelala pale tangu msiba. "Watu bado wamejaa sebuleni!"

"Nina mkataba."

"Na nani?"

"Na watoto wa chuo."

"Hujalia hata tone, wifi. Unanitisha."

Kweli, hakuwa amelia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Watu walimshika mkono, akawashukuru. Walimwekea chakula, akala, hajui kama kilitiwa chumvi. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho, kwamba kukaa ndani ya nyumba ile hawezi, na karatasi ya mlangoni ilimpa pa kwenda. Sitamlaumu. Nani hajawahi kujificha nyuma ya kazi?

Alipoingia darasani wote tisini walikuwa wameketi, kimya, kabla ya saa. Akaandika mada ubaoni: mkataba usiotekelezeka. Chaki ikakatika, akaokota kipande, akaendelea. Mwakilishi wa darasa, binti mrefu asiyejua kunong'ona, akasimama.

"Pole, mwalimu. Tumeupitia mkataba wetu. Hauna kifungu cha msiba."

Mama Kifungu akageuka. Mada yenyewe ameiandika ubaoni kwa mkono wake! Mwaka nenda mwaka rudi huwaambia vijana wasisahau mlango wa kutokea, na yeye amejijengea nyumba isiyo na mlango. Alijua kwamba zamani jambo hilo lingemchekesha.

"Kwa hiyo?"

"Tumeandika nyongeza." Binti akampa karatasi. *Mwalimu akifiwa, kukosa kwake hakuhesabiwi. Darasa litajiendesha lenyewe, kwa njia ile ile, bila daftari la manjano.* Chini zilikuwepo saini tisini, na ya tisini na moja ilikuwa ya mkuu wa kitivo.

Akaisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. "Nyongeza nayo ni mkataba," akasema. "Kila upande hutoa kitu. Nyinyi mnaniachilia. Mimi natoa nini?"

Kijana wa nyuma, bingwa wa mizaha, akajibu bila mzaha, "Unatoa kwenda nyumbani, mwalimu."

Akatafuta kosa. Neno lenye maana mbili, tarehe iliyosahauliwa, chochote kile. Hakuna. Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Akasaini, akafuta chaki mikononi, akatoka, na nyuma yake akamsikia binti akisema, "Haya, nani analeta kesi?"

Nyumbani wageni walikuwa wametoka kwenda kupumzika, wifi amelala. Akaingia jikoni kunywa maji. Jokofu lilikuwa linanguruma, na juu yake miwani ya fundi imekaa palepale alipoiacha. Mama Kifungu akakumbuka kwamba Jumamosi ilikuwa imeshapita. Bila kufikiri akainua mkono, akalipiga kofi la ubavuni.

Likanyamaza.

"Hapana," akasema. "Hapana, nguruma. Nguruma, tafadhali." Akalikumbatia kwa mikono miwili, akalia mpaka wifi akaamka.