Vidole vya Shangazi Fauzia

Shangazi yangu Fauzia alianza kubangua korosho kwenye kiwanda kidogo hapa Nachingwea kabla sijazaliwa. Mafuta ya maganda yamemuunguza vidole mpaka vimekuwa laini kama kipande cha sabuni. Mwaka huu uongozi ukaleta mfumo wa kompyuta: huingii kazini mpaka mashine isome kidole chako.

Siku ya kwanza nilikuwa nimempelekea uji, nikabaki kushangaa. Mashine iliwaka nyekundu.

"Pangusa, mama, uweke tena," fundi kutoka Dar akasema.

"Nimepangusa mpaka khanga inataka kuchanika, mwanangu."

"Fauzia kawa jini, hana alama!" akacheka Samia, mwenzake wa meza moja. Zamu yake ilipofika ikawaka nyekundu vilevile, kicheko kikakatika.

Nikamuuliza fundi kama, walipoutengeneza mfumo, walijaribu kidole cha mbanguaji hata mmoja. Akasema walijaribu vya watu wa ofisini, na vyote vilisoma.

Wabanguaji wa zamani wakaambiwa wapumzike nyumbani hadi ngozi irudi. Ya shangazi ikarudi. Alikwenda na gauni lake la Idi, mashine ikawaka kijani, akapiga kigelegele. Lakini alipobangua siku chache tu, ikawaka nyekundu tena.

Nafasi yake wamempa Shamimu, binti kutoka kijiji cha Mtua, mwenye vidole vizima. Ofisini wanasema mfumo unafanya kazi vizuri. Shangazi anashinda uani kwenye kigoda, hana pa kwenda.

"Shamimu naye mtengee kigoda," ananiambia. "Hafiki Ramadhani na vidole vile."