Fundi Mgeni wa Mtambo wa Biskuti

Fundi mgeni wa kiwandani kwetu Tegeta huamkia kila mtu shikamoo, hata vibarua wanaoweza kuwa wajukuu zake. Ana mikono myembamba, bisibisi huifuta kwa leso kabla na baada ya kuitumia, na mtambo wa biskuti huusemesha kwa lugha ya kwao. Kibali chake cha kazi kina sharti: amfundishe Mtanzania atakayeshika nafasi yake. Mtanzania huyo ni Anjelina. Basi kila somo likifika kwenye skrubu moja yenye siri, fundi hukohoa na kumwomba Anjelina maji ya kunywa. Miaka miwili sasa Anjelina ameleta maji, akirudi kwa kunyata na kuchungulia.

Juzi, kibali kikikaribia kuisha, alikuja mkaguzi wa kazi, na mtambo ukakwama mbele yake. "Mwanafunzi ndiye autengeneze," akasema. Fundi akaanza kukohoa, lakini Anjelina alishainama. Aliizungusha skrubu ile kidogo tu, biskuti zikamiminika. Fundi alipiga makofi kutushinda sote, kisha akakumbuka, mikono ikaganda hewani.

"Huyu ameiva," mkaguzi akamwambia. "Sasa wewe umebaki kufanya nini hapa?"

Fundi akatoa leso, akaanza kuifuta bisibisi.

"Mzee, bado hajanifundisha kuuzima mtambo," Anjelina akadakia, huku amekiziba kwa mgongo kitufe chekundu anachokibonyeza mwenyewe kila jioni.

Mkaguzi akaandika: aongezewe mwaka mmoja.