Mashavu Aambiwa Aimbe

Kama kuna mtu ambaye hakustahili kuulizwa ni raia wa wapi, basi ni Mashavu. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa. Kila sherehe ya taifa uwanjani, kila mgeni mkubwa aliyepokelewa, kila jengo lililokatiwa utepe, ni yeye aliyeuanzisha wimbo wa taifa, mashavu yamevimba mpaka macho yanataka kufungika. Jina la utani alilipata hapo, likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo akikasirika, na alikasirika mara nyingi, maana alikuwa mwalimu wa chekechea na uvumilivu wake wote aliumalizia kazini.

Basi ikatoka amri kwamba watumishi wote wa manispaa ambao wazazi wao walizaliwa nje ya nchi wahakikiwe uraia kabla ya kupewa vitambulisho vipya. Wazazi wa Mashavu walivuka mpaka wangali vijana. Baba akachimba mitaro ya mabomba ya maji, akazaa, akazeeka, akafa, akazikwa papa hapa, na hakuna siku aliyowaza kujiandikisha popote. Mashavu mwenyewe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya manispaa. Sasa eti asipopita uhakiki atahesabiwa mgeni. Kazi itakuwa imekwisha, na ufunguo wa nyumba ya manispaa, walimolelea watoto yeye na mkewe, aurudishe.

"Mimi?" akasema Mashavu. "Wanihakiki mimi?"

"Nenda tu, baba," mkewe akamwambia. "Jibu unachoulizwa, basi. Usianze ubishi wako na watu, nakujua mimi."

Siku ya usaili alitoka moja kwa moja mazoezini, na sare yake ya vifungo vya shaba, na tarumbeta ndani ya sanduku lake. Alikaa kwenye benchi la korido mpaka makalio yakafa ganzi. Alipoitwa alimkuta afisa kijana, mpole, katika ofisi ambayo mlango wake haufungiki kwa sababu kitasa kiling'oka na hakuna aliyeona ni kazi yake kukirudisha. Akaulizwa rangi za bendera, akajibu. Akaulizwa mitaa aliyokulia, akaitaja pamoja na majirani na ugomvi wao, mpaka afisa akamwomba apunguze.

"Vizuri, mzee wangu. Sasa niimbie wimbo wa taifa. Ubeti wa kwanza unatosha."

Mashavu akatabasamu. Akakohoa, akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka bila wasiwasi. Wa pili ukafika nusu, ukachechemea. Wa tatu alipoutafuta hakuuona popote, akawa ananguruma puani, mm-mm-mm, huku kichwa kikienda na mapigo.

Jamani, msimcheke. Alikuwa darasa la tatu mwalimu mkuu alipomkabidhi tarumbeta la shule, na tangu hapo kila watu walipoimba, yeye alikuwa anapuliza. Mdomo wake haukuwahi kuwa na nafasi. Maneno aliyasikia nyuma yake maisha yake yote, kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Mzee, huujui wimbo wa taifa?"

"Naujua! Si ndio ninaoupiga!"

"Sikusema upige. Nimesema uimbe."

Damu ikamchemka. Ushauri wote wa mkewe ukaruka. Akafungua sanduku, akatoa tarumbeta, akaupuliza wimbo wa taifa mle mle ofisini.

Sasa, katika nchi ile wimbo huo ukisikika unasimama wima na kutulia, hata uwe unafanya nini. Korido nzima ikainuka kwenye mabenchi. Mama wa usafi akaganda na tambara mkononi, maji yakimchuruzikia viatuni. Afisa naye akasimama, mikono ubavuni, sura imemkunjamana. Simu ya mezani ikaanza kulia, akaitazama tu. Mashavu aliona yote hayo kwa jicho la pembeni na akanogewa. Alipiga beti zote, na noti ya mwisho aliivuta mpaka mtu mmoja koridoni akashindwa kujizuia kukohoa.

Aliposhusha tarumbeta, watu wakapiga makofi. Alijua amemaliza kazi.

Afisa akakaa. "Umepiga vizuri sana, mzee, sikufichi. Mwezi uliopita alikuja rais wa nchi jirani. Wimbo wao nani aliupiga?"

"Mimi."

"Uliupiga vizuri?"

Mashavu hajawahi kukiri kwamba alipiga kitu vibaya. "Vizuri mno," akasema.

"Basi na kule wewe ni raia?"

Mashavu akarudisha tarumbeta sandukuni. Kilichomkera zaidi ni kwamba kijana hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haki, na Mashavu hakujua la kufanya na mtu mwenye haki.

"Rudi wiki ijayo na maneno, mzee. Hilo tarumbeta liache nyumbani."

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka hasira. "Watoto wangu wa chekechea wanaujua! Wengine hata kamasi hawajui kufuta! Wewe mtu mzima na mvi zako unataka kutufukuzisha nyumbani kwa wimbo?"

Akamfundisha kama anavyowafundisha wao, kwa vitendo. Penye moyo, mkono kifuani. Penye ardhi, kidole chini. Penye umoja, viganja vinashikana. Mashavu aliona aibu, lakini bila mikono maneno hayakuja. Na kila mara alivuta pumzi mahali pasipofaa.

"Mbona unakata neno katikati?"

"Hapo ndipo pa kuvuta pumzi."

"Pa tarumbeta hapo! Maneno yana pumzi zake. Anza upya."

Jioni moja, walipofika mstari wa nne, alinyamaza kidole kikiwa bado kinaelekea sakafuni. "Kumbe unasema hivyo? Ardhi iliyotupokea tulipozaliwa?"

"Ulidhani unasemaje?"

"Sikuwahi kufikiria." Akakaa kitini. "Basi mimi nimo humo. Nimo kwenye wimbo wenyewe. Sasa yule ananiuliza nini?" Mkewe, kwa mara ya kwanza wiki ile, hakumwambia aanze upya.

Siku ya kurudi mkewe alimsindikiza, akabaki getini. Mashavu alisimama mbele ya meza bila tarumbeta, mikono haijui pa kwenda, akaimba kwa sauti iliyokwaruza kama mlango mkavu. Mkono ulipanda kifuani wenyewe, kidole kikashuka chini. Afisa alisikiliza, kidevu kiganjani. Ubeti ulipokwisha, akagonga muhuri, akainuka, akampa mkono huku akitabasamu kwa moyo mweupe kabisa.

Mashavu akatoka na karatasi yake.

"Vipi?" mkewe akamkimbilia. "Vipi, baba?"

"Nimepita."

"Alhamdulillahi! Sasa mbona umenuna hivyo? Alikuambia nini?"

"Aliniambia hongera, mzee. Karibu nchini."

Furaha ikamtoka mkewe usoni. "Karibu? Karibu wapi? Amkaribishe nani? Wewe umezaliwa nyuma ya karakana pale, baba yako ndiye aliyechimba mitaro ya maji anayokunywa yeye! Yule mtoto kazaliwa lini hata akukaribishe wewe?" Walinzi wa getini waligeuka, naye hakujali. "Natumaini ulimpasha. Niambie ulimpasha, Mashavu. Ulimjibuje?"

Mashavu aliikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Alijichukia kiasi kwamba alitamani kukaa chini pale pale kando ya geti.

"Ilinitoka tu, mke wangu," akasema. "Nilimwambia, asante, nimekaribia."