Yasini Juu ya Kichuguu

Kichuguu ni changu. Naanza hapo kwa sababu siku hizi watu wa Chiola wanakiita kichuguu cha Zuhra, wakati kimo katikati ya mikorosho niliyoipanda mimi Saturnini kwa jasho langu.

Mwaka 2008 simu zilishafika kwetu, ila mtandao ulikuwa unabagua. Nyumbani hakuna, barabarani hakuna, sokoni unapata salamu tu halafu kimya. Mahali pekee pa uhakika palikuwa juu ya kile kichuguu.

Zuhra ni jirani yangu, mjane, mkulima wa ufuta, wakati huo ana miaka arobaini na saba. Mama yake, Bi Rabia, alikuwa kitandani mwaka wa tatu, miguu imegoma na masikio yanaifuata. Alikuwa na ombi moja tu: asomewe Yasini na mtoto wake wa kumzaa, aisikie kabla hajafukiwa. Kila Ijumaa Maalimu Yunusi wa chuo cha Kurani alikuja kumsomea, na bibi aliitika amina vizuri tu. Lakini Maalimu si mtoto wake. Na Zuhra, tuseme ukweli, alitoroka chuo ana miaka minane akaenda kuchuma mabungo, hakurudi.

Sasa akarudi. Siku ya pili mjukuu wake mwenyewe akamwambia mbele za watu, "Bibi, siyo hivyo." Chuo kizima kikacheka, na Zuhra anadai hata Maalimu aliziba mdomo kwa kofia. Akakunja mkeka wake akaondoka. Waliosema mficha uchi hazai hawakumjua Zuhra.

Mpwa wake aliyeko Dar akamtafutia Ustadhati Swaumu, mama anayefundisha watu wazima kwa simu, asubuhi kabla ya saa mbili.

"Huyu hanioni, nami simwoni. Hakuna wa kunicheka," Zuhra aliniambia alipokuja kuomba kichuguu.

"Panda, dada," nikasema. "Ila ukianguka usiniletee kesi."

Sikujua ninachokubali. Simu ile usipopaza sauti, Dar hawasikii kitu. Mtandao ukikatika, aya inaanza upya. Aya moja niliihesabu mara kumi na mbili. Mke wangu Scholastika akawa anakoroga uji kwa mwendo wa aya, na mimi, mtu wa kanisa la Mnero, nikaanza kujua inayofuata kabla mwenyewe hajaikumbuka. Nikawa nauma ulimi nisimkumbushe.

Maalimu Yunusi naye shamba lake liko mbele ya langu. Siku tatu alipita na baiskeli yake kama hasikii. Siku ya nne akashuka.

"Zuhra, hapo umekula herufi."

"Ustadhati amenipitisha," akajibiwa kutoka juu.

"Ustadhati ameisikia simu. Mimi nimekusikia wewe."

Nilidhani atarushiwa simu. Lakini Zuhra aliinama, akasoma tena, akarekebishwa. Kesho yake Maalimu akaja mapema akakaa kwenye gogo langu bila kuniuliza. Ikawa hivyo: kwa simu na Ustadhati kwanza, halafu ana kwa ana na Maalimu, chuoni hakanyagi mtu. Walibishana jambo moja tu. Maalimu alikuwa na sauti laini, akitaka na Zuhra alainike.

"Punguza. Mungu si kiziwi."

"Nikipunguza, Dar wanakata simu," Zuhra alisema, na sauti ikabaki palepale.

Ilimchukua tangu palizi hadi korosho kuanza kuanguka. Ijumaa ya kusoma ilipofika nami nikaalikwa, kama mwenye kichuguu. Kitanda cha Bi Rabia kilitolewa barazani. Zuhra akaanza kwa upole, kama alivyoagizwa, na Bi Rabia akatulia na uso wake wa kila Ijumaa, macho kwa Maalimu. Nikamhurumia Zuhra, maana alimwona mama yake hamtazami.

Kwenye aya ya tatu uoga ukamzidi, sauti ikamponyoka ikarudi ya kichuguuni. Kuku wakakimbia baraza. Maalimu akanyoosha mkono kumwashiria apunguze.

Bi Rabia aliushika ule mkono akaushusha. Akamgeukia mwanawe, akamtazama hadi aya ya mwisho, machozi yanashuka na hayafuti. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Yote." Kisha akamgeukia mwingine. "Maalimu, unisamehe. Miaka mitatu nilikuwa natazama mikono yako. Ukijipangusa uso kumaliza dua, naitika amina."

Maalimu akamsogelea sikioni. Akapaza sauti kidogo, "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungeacha kuja."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Bi Rabia ndiye aliyetuokoa. Alimpigapiga Maalimu mgongoni mwa kiganja akasema, "Wewe kapande kichuguu."

Tukacheka, tukala wali, tukaondoka. Jumatatu asubuhi nilikuta baiskeli imeegemezwa kwenye mkorosho wangu na Maalimu Yunusi amesimama karibu nayo, kofia mkononi, anauliza kama Zuhra akimaliza kuna nafasi.