Mimi, Wakwe Zangu na Trekta Iliyogoma

Niliolewa Iyolwa, Uganda, miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea kwetu Busia ya Kenya, na kitu cha kwanza kilichonishangaza nyumbani kwa wakwe zangu kilikuwa trekta. Ilikaa ndani ya kibanda cha mabati kando ya ghala la pamba, rangi yake nyekundu imepauka, taa moja imeng'oka. Baba mkwe aliinunua kwa mzungu mmoja upande wa Kitale aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao, kisha akaiendesha mwenyewe mpaka nyumbani, safari ambayo watu walikuwa bado wanaisimulia nilipofika. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Lakini eneo lile halikuwa na nyingine, na mvua ya kwanza ikinyesha, watu walikuja hata kutoka Mwello kuomba zamu ya kulimiwa.

Wakati huo sikujua Kidhopadhola, na mama mkwe hakujua Kisamia, kwa hiyo mimi naye tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni, ambamo "na" moja ilitosha kwa mimi, wewe na yeye. Mimi na baba mkwe hatukuelewana kwa lugha yoyote, kwa sababu hatukuzungumza. Ndivyo desturi ilivyotaka. Mkaza mwana hakumkaribia baba mkwe wake, hakumpa kitu mkononi, hakumtazama usoni. Nikimwona anakuja njiani, nilipinda nikapita migombani. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa harufu ya dizeli iliyoachwa na koti lake kuliko nilivyoijua sura yake.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Tororo na hakuja nyumbani kila wiki. Basi msimu ule baba mkwe alipobanwa mkono wa kulia na jembe la trekta wakati akilifunga, hapakuwa na wa kumsaidia. Mkono ulifungwa bendeji nzito mpaka kwenye kiwiko. Madereva wote waliojulikana, wa Busia na wa Tororo, walikuwa mashambani mwa watu. Mvua imeanza, na trekta yenyewe imekataa kuwaka.

Nilikuwa jikoni nikamsikia anamwomba mke wake amshikie spana.

"Mimi sishiki hii kitu," mama mkwe akamjibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Siku zote nanguruma kama ina hasira na mimi."

Kisha mama mkwe akaja kusimama mlangoni pangu, mikono kiunoni.

"Mama, wewe naweza kulegeza bolti?"

Nikamwambia nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza baiskeli ya kaka yangu.

"Basi njoo. Mimi nasimama katikati."

Na kweli alisimama katikati. Baba mkwe alikaa kwenye jiwe upande wa pili wa ghala, ametugeuzia mgongo. Alisema neno kwa Kiswahili, mama mkwe akanirudishia neno lile lile, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie aanze na betri."

"Anasema uanze na betri."

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Nilivimwagia maji ya moto, nikavikwangua kwa kisu mpaka madini ya risasi yakang'aa, nikafunga waya upya na kupaka grisi. Nilipobonyeza starta, injini ilijizungusha kivivu, ikatoa sauti ya mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka, ikanyamaza.

Kesho yake nikaifunga betri kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaenda nayo Busia kwenye duka lililokuwa na jenereta ya kuchajia. Siku hizo mpaka haukuwa na mambo mengi. Askari alisimama karibu na kizuizi akila muwa.

"Mama, nabeba nini?"

"Betri ya trekta."

"Na dereva iko wapi?"

"Ni mimi," nikasema, ingawa sikuwa nimewahi hata kukikalia kiti chake. Akacheka, akainua kizuizi, akaniambia nimlimie na yeye. Nililala kwa mama yangu, asubuhi nikarudi na betri iliyoshiba na tundu kwenye gomesi, gauni langu refu, mahali maji makali ya betri yaliponirukia.

Safari hii starta ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika.

"Muulize kama kuna moshi."

"Nauliza kama kuna moshi."

Hapakuwa na moshi hata kidogo. Kutoka nyuma ya ghala ilikuja hukumu kwamba kama hakuna moshi, basi dizeli haifiki, na kama haifiki, kuna hewa njiani. Nikalegeza skrubu ya juu ya chujio la dizeli kama nilivyoelekezwa, nikapiga kishikio kidogo cha pampu kwa kidole gumba. Likatoka povu kama la sabuni. Nikaendelea mpaka povu likaisha na dizeli safi ikatiririka mkononi mwangu, nikakaza, nikahamia kwenye mabomba ya mbele. Nikabonyeza tena. Trekta ikapiga chafya, ikatoa moshi mweupe, ikaunguruma. Mama mkwe akakimbilia uani.

Haikufika mbali. Kabla sijamaliza kufurahi ilianza kukohoa, ikafa. Nikatoa hewa tena, ikawaka tena, ikafa tena. Tulikaa hivyo siku kadhaa. Nilibadilisha chujio, nikakaza kila kiungo, nikapaka sabuni kwenye mabomba kutafuta panapovuja. Watu wa Mwello walikuja, wakasimama kidogo, wakaenda kuanza kulima kwa majembe ya mkono. Mwishowe sauti ya nyuma ya ghala ikasema pampu imekufa. Haikusema kwangu wala kwa mama mkwe. Nikasikia kikohozi kikielekea nyumbani na mlango ukifungwa.

Mimi sikutaka kuondoka. Nilichukua kijiti nipime dizeli iliyobaki, nikafungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyezibuliwa pua.

Mama mkwe alikuwa akibangua karanga hatua chache kutoka hapo. Akainua kichwa.

"Rudia."

Nikafunga, nikawasha, nikangoja injini ife, nikafungua. Fyuuu.

"Hii tangi inakosa pumzi," akasema. "Zamani mimi nauza mafuta ya kupikia sokoni. Debe ukitoboa tundu moja, mafuta inagoma. Lazima tundu mbili, moja ya mafuta, moja ya upepo. Hii ya upepo iko wapi?"

Nikakigeuza kifuniko. Katikati kulikuwa na kitundu kidogo, na kitundu kimezibwa kwa udongo laini, mkavu, uliosilibwa vizuri kuliko kuta zetu. Nyigu alikuwa amejenga. Nilipochokonoa kwa waya wa baiskeli, kiota kikabomoka na kiwavi wa kijani akadondoka kiganjani mwangu, chakula ambacho nyigu amewawekea watoto wake. Mama mkwe akakitazama kiota kilichobomoka.

"Huyu fundi naye alikuwa na kazi yake," akasema.

Nikatoa hewa mara nyingine, nikawasha. Injini ikashika. Tulisimama tukiisikiliza, mimi nikingoja ikohoe. Haikukohoa. Mabati ya kibanda yalitetemeka, kuku wakahamia barabarani, nayo ikaendelea tu.

Baba mkwe akatokea mbio, bila viatu, bendeji imening'inia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu, akaweka mkono mzima juu ya boneti.

"Usiizime," akaniambia.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Sote wawili tukashtuka. Mimi nikainamisha macho, yeye akarudi nyuma. Mama mkwe akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, kisha akaokota ungo wake.

"Basi, neno imeshatoka," akasema. "Endeleeni. Mimi nina karanga zangu."

Msimu ule mimi ndiye niliyelima. Baba mkwe alitembea kando ya trekta akiniambia lini nikanyage klachi na lini niinue jembe, na mifereji yangu ya mwanzo ilipinda vibaya mno. Mume wangu aliporudi kutoka Tororo akanikuta njiani kwenye usukani, gomesi nimeikunja magotini. Alishuka kwenye baiskeli akasimama ndani ya majani mpaka nikapita. Jioni alimuuliza baba yake kulikoni. Baba yake alimjibu kwamba shamba limelimwa, akaomba apewe maji.

Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena, kwa hiyo tuliendelea hivyo mpaka nilipopata mimba ya kwanza. Trekta ilifanya kazi misimu mingine kadhaa kabla ya bloku ya injini kupasuka. Walioinunua kama chuma chakavu waliiburuta kwa lori, na mama mkwe, aliyekuwa akiichukia, ndiye aliyelia.

Ninachokitamani zaidi ni mchana wa shambani. Si mambo yote yaliyobadilika, kula pamoja bado kulikatazwa. Baba mkwe alikaa upande wake wa trekta na sahani yake, mimi na mama mkwe upande wetu, gurudumu kubwa katikati. Udongo mbichi ulinukia, injini ikipoa kwa milio midogo ya chuma. Mazungumzo yalipita chini ya tangi, kuhusu mvua, kuhusu kwetu Busia, kuhusu nani amebaki kulimiwa, na hakuna aliyehitaji kuyarudia kwa mwingine.