Sauti Yangu Ndani ya Filamu ya Kitamil

Kabla sijaanza kununua jinzi za jumla huku China, kwenye maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu, nilikuwa mtafsiri wa filamu za Kitamil kutoka India katika kibanda cha video Morogoro. Neno "mtafsiri" nalitumia kwa kujipendelea. Kitamil sikujua hata salamu. Nilitazama midomo ya waigizaji, nikakisia, kisha nikaongea Kiswahili juu ya sauti zao. Nikikwama, nilimsalimu mama muuza mihogo wa jirani kwenye maikrofoni mpaka nikumbuke hadithi ilikuwa imefika wapi. Mwenye kibanda alirekodi yote na kuyauza kwenye CD.

Miaka ikapita. Hapa Guangzhou nikawa nakula kila Jumapili baada ya ibada katika mgahawa wa Mtanzania mwenzetu, mtaa wa Xiaobei, na wala haikuwa kwa sababu ya pilau. Alikuwa anakuja dada mmoja wa Singida, anasomea uzamivu. Nilimpenda. Kwa miezi mitatu nilijaribu kumwambia, na kila nilipofungua kinywa zilitoka habari za bei ya jinzi.

Jumapili moja akaegemeza simu yake kwenye chupa ya pilipili.

"Kaka, hii umeiona? Ya Kitamil, ya mapenzi, halafu inachekesha! Naiangalia tangu nikiwa sekondari."

Akabonyeza. Nikaisikia sauti yangu ya ujana, nyembamba, imejaa majivuno, ikimsalimu mama muuza mihogo. Nikaacha kutafuna.

Meza ya pili alikaa mfanyabiashara Mtamil, ambaye mizigo yake na yangu huenda kwa wakala mmoja. Kusikia lugha yake chini ya kelele zangu, akavuta kiti. Tukafika pale stesheni ya treni: jamaa anamshika msichana mkono, machozi yanamtoka, na mimi nasema kwa niaba yake, "Sina nyumba, sina kazi, ila nitakusikiliza mpaka umalize. Nani mwingine aliwahi kukusikiliza ukamaliza?"

Dada akajifuta macho. Mtamil akaangua kicheko.

"Kinachekesha nini?" dada akamuuliza kwa Kiingereza.

Mtamil akatueleza, bado anacheka: jamaa anaungama kwamba mbuzi amekula tiketi zao zote mbili.

Dada hakucheka. "Mimi nilimkataa mchumba kwa ajili ya maneno haya," akaniambia. "Posa ilishafika nyumbani. Kila nikiongea ananikatiza. Nikamwambia baba simtaki, nikagombana na ukoo mzima. Kumbe ni mbuzi? Huyo mtafsiri nikimpata, atanitambua!"

Ningeweza kunyamaza. Sauti imekomaa, hakuna ambaye angenijua. Lakini aliinamisha kichwa kama mtu aliyeibiwa, na mwizi nilikuwa mimi, nimeshika kijiko. Niliona aibu. Nikachukua simu, nikazima sauti, nikarudisha pale stesheni na kuyasema maneno yote upya kwa ile sauti ya puani, pamoja na salamu za mama muuza mihogo. Mtamil akapiga makofi. Dada akanikodolea macho.

"Ni wewe!"

"Ni mimi. Kitamil sijui. Nilibuni."

"Yote?"

"Yote."

"Na mbuzi hukumwona?"

"Nilimwona. Nikadhani anapita tu."

Nilisubiri matusi. Nilishajiandaa kuhamia mgahawa wa Wakongo. Yeye akaifunika simu mezani.

"Kwa hiyo yale maneno si ya Mtamil yeyote. Ni yako."

"Ni yangu."

"Miezi mitatu unanipigia hesabu za jinzi! Haya, filamu nimezima. Sema."

Mimi niliyewasemea mashujaa chungu nzima nikatokwa jasho. Nikatazama chupa ya pilipili. Mtamil akasogeza kiti karibu zaidi, hana hata haya.

"Huyo mchumba," nikasema, "alikukatiza ulipokuwa unataka kusema nini?"

Akasogeza chupa ya pilipili pembeni, akaanza. Alianzia Singida, akapitia kwa baba yake, shangazi zake, chuo, mpaka siku aliyopanda ndege. Chai ikapoa, Mtamil akachoka akaenda zake. Dada alipomaliza, meza zote zilikuwa zimeshafutwa isipokuwa yetu, na sikuwa nimemkatiza hata mara moja.